Mgeni njoo, mwenyeji apone: Karamu ya Krismasi bila mama kuishia jikoni

Krismasi ya mwaka 2023 nyumbani kwetu Ikola tulikula tukashiba. Watoto waliimba, wazee walicheka, na simu zote zilijaa picha. Usiku nilipokuwa nazipitia picha zile nikagundua jambo moja: katika picha zote, mama hayumo. Yupo baba, wapo mashangazi kutoka Kigoma, wapo watoto wa kaka, yupo hata mbuzi kabla hajachinjwa. Mama siku nzima alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye moshi.

Kesho yake, tarehe 26, saa nne asubuhi, mtoto wa kaka yangu, wakati huo akiwa na miaka mitatu, alianza kutapika. Saa saba mchana akaanza kuharisha. Ilipofika jioni macho yalikuwa yamezama na hataki hata kunyonyesha kijiko cha maji mdomoni. Kaka alimbeba kwenye pikipiki mpaka zahanati kwenye mvua. Tunamshukuru Mungu, alipona. Lakini tulipokuwa pale zahanati, muuguzi akampima mama presha kwa sababu alimuona anashika ukuta. Ilikuwa juu. Akamuuliza, "Mama, dawa unatumia?" Mama akajibu kwa sauti ndogo kwamba siku mbili hakumeza, kazi zilimzidi akasahau.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka ule mgeni alikuja, mwenyeji akaugua.

Mzazi mwenzangu, naandika safu hii zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya Krismasi. Wapo wanaosubiri ndugu kutoka Tabora kwa treni hadi Mpanda, wapo wanaosubiri wageni wa boti kutoka vijiji vya mwambao. Wengine sikukuu yenu ni Idi, na haya yanawahusu vilevile. Nitakueleza tulichokosea mwaka ule, na tulichobadilisha mwaka uliofuata. Si mambo ya gharama. Mengi yanapunguza gharama.

Tulikosea wapi?

Nikiwa mwandishi wa habari za afya, nilirudi nyuma nikaipitia siku ile hatua kwa hatua kama ninavyofanya kazini. Kosa la kwanza lilianzia angani. Krismasi ya 2023 ilikutana na mwezi mpevu, uliokuwa tarehe 27 Desemba. Sisi watu wa Ziwa Tanganyika tunajua maana yake. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka sana taa hazivuti samaki, na wavuvi wengi huanika nyavu. Mama alikwenda mwaloni tarehe 24 akitegemea samaki wa kutosha, akakuta wachache na bei imepanda. Kwa hofu ya kuaibika mbele ya wageni, akaongeza wali. Alipika kilo 6 za mchele kwa watu 26.

Kosa la pili likatoka hapo. Wali ulibaki karibu nusu. Sufuria kubwa likafunikwa, likakaa jikoni usiku kucha. Asubuhi watoto wakapashiwa kidogo, wakala kama kifungua kinywa.

Mhudumu wa zahanati hakuweza kusema kwa uhakika ni chakula gani kilimdhuru mtoto, na mimi siwezi kuapa. Ila wali uliolala kwenye joto ni mtuhumiwa anayejulikana duniani kote. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake huishi kwenye mchele mkavu na hazifi kwa kupikwa. Wali ukipoa polepole, mbegu zile zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu. Ubaya wake ni kwamba moja ya sumu hizo haiharibiwi na moto. Unaweza kupasha wali mpaka ukatoa mvuke na bado mtoto akatapika ndani ya saa chache. Sufuria kubwa lililojaa ndilo baya zaidi, kwa sababu katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi.

Kosa la tatu ni la familia nzima. Mama alipika aina tisa za chakula karibu peke yake: pilau, wali mweupe, ugali, mbuzi, kuku, samaki wa kukaanga, dagaa, maharage na chapati. Sisi wengine tulikuwa "tunawapokea wageni".

Hesabu kabla ya sufuria

Mwaka 2024, mwezi wa kumi na moja, nilimpigia mama simu nikamwambia safari hii tupunguze. Akakasirika. "Mwanangu, unataka watu waseme tumefilisika?" Sikubishana naye. Nilimuomba tu tuhesabu pamoja kwenye simu.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Kilo 1 ya mchele inawatosha watu wazima 8 kama kuna mboga na kitoweo. Mtoto mdogo mhesabu kama nusu ya mtu mzima. Tulitarajia watu wazima 16 na watoto 10. Watu wazima wanahitaji kilo 2. Watoto 10 ni sawa na watu wazima 5, yaani zaidi kidogo ya nusu kilo. Jumla haifiki kilo 3. Tukaandika 3. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe zile tatu nyingine nilikuwa napikia kuku."

Baada ya mchele tukaingia kwenye aina za chakula. Kutoka tisa tukabakiza tano: pilau, ugali kidogo kwa ajili ya bibi ambaye bila ugali hajala, migebuka wa mchuzi, maharage, na kachumbari. Mbuzi akaachwa. Badala ya soda kreti mbili, tukategemea maembe, maana Desemba maembe yapo kila mahali. Embe halipikwi, linaoshwa na kukatwa tu, na mtoto analipenda kuliko wali.

Kama kwako ni lazima nyama iwepo, iwe nyama badala ya kitu kingine, isiwe nyongeza juu ya kila kitu. Kila sufuria unaloongeza ni moto mwingine, mwiko mwingine, na saa nyingine ya mtu kusimama.

Angalia mwezi, angalia mwalo

Kwa sisi wa ziwani, kalenda ya mwezi ni sehemu ya kupanga karamu. Mwaka ambao mwezi unaandama karibu na tarehe 20 Desemba tuna bahati: siku ya Krismasi huwa mchanga na kuzama mapema. Giza lipo la kutosha kwa wavuvi, upepo na mvua vikiruhusu.

Mwaka ambao mwezi ni mpevu, nunua mapema dagaa wakavu au migebuka wa kubanika. Wahifadhi mahali pakavu penye hewa, kwa sababu mvua za Desemba huleta unyevu na ukungu. Samaki mkavu aliyeota ukungu usimsugue ukampika; mtupe. Uzoefu wa kukosa samaki si mgeni kwetu. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, aliyekuwa na akiba ya wakavu ndiye aliyekula.

Ukinunua wabichi, nenda asubuhi boti zinapoingia. Samaki mzuri macho yake yanang'aa, mashavu ni mekundu, na ukimbonyeza nyama inarudi. Mtoe matumbo mara moja, muoshe kwa maji safi, mfunike na muweke kivulini. Joto letu halisubiri. Samaki wa saa 1 asubuhi aliyekaa juani mpaka saa 6 mchana si yule uliyemnunua.

Maji ni kazi ya kwanza

Mvua zinapoanza, uchafu wa nchi kavu unateremka ziwani na visimani. Huu ndio msimu ambao magonjwa ya kuhara, kipindupindu kikiwemo, hupata njia. Watu 26 wakinywa lita 2 kila mmoja ni lita 52. Hizo ni ndoo tatu za lita 20. Usingoje siku yenyewe kuanza kuchemsha.

Tarehe 24 jioni, chemsha maji mpaka yatokote kabisa, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yamimine kwenye ndoo safi zenye koki. Kama kuni hazitoshi, tumia dawa ya kutibu maji ya dukani na ufuate maelekezo ya pakiti, pamoja na muda wa kusubiri. Kama maji yana tope, yaache yatuame na uyachuje kwa kitambaa safi kwanza. Usiache kikombe kimoja cha kuchotea ambacho kila mkono unakiingiza ndani. Na barafu au juisi isitengenezwe kwa maji ambayo usingeyanywa.

Karibu na choo na karibu na mahali pa kulia, tundika kibuyu chirizi na sabuni. Dumu dogo, kamba na kijiti vinatosha. Mpe kazi hiyo mtoto wa miaka tisa au kumi, atajisikia meneja. Kwetu mpwa wangu alisimama pale kama askari, hata baba mdogo aliambiwa arudi akanawe vizuri kwa sabuni.

Gawa kazi kwa majina

Kusema "tutasaidiana" hakusaidii. Kazi ikiwa ya wote, inamrudia mama. Mwaka 2024 niliandika majina kwenye karatasi nikaibandika mlangoni. Kaka wawili: maji, kuni na mkaa, vyote viwe ndani tarehe 23 kwa sababu mvua haitoi taarifa. Baba: kununua samaki mwaloni, maana wavuvi anawajua. Mashangazi: kila mmoja aje na sahani 6 na kitu kimoja kikavu, mmoja alileta mawese kutoka Kigoma, mwingine maharage. Vijana wa kiume: kuosha vyombo baada ya kula. Mimi na wifi: pilau na mchuzi. Mama: kuonja chumvi, na kukaa.

Shangazi mkubwa aliuliza tangu lini mgeni akaombwa sahani. Baba ndiye aliyemjibu: "Dada, mwaka jana ulikula vizuri, lakini wifi yako alilala zahanati." Hakuuliza tena. Nimejifunza kwamba wanaume wa nyumba wakisema, kazi zinagawanyika kirahisi zaidi. Kwa hiyo akina baba mnaosoma hapa, msiishie kutoa hela ya mchele. Semeni.

Siku yenyewe, saa kwa saa

Maharage tuliyaloweka usiku wa tarehe 24. Asubuhi maji yale yakamwagwa, yakawekwa mapya. Maharage yaliyolowekwa huiva haraka na kuokoa kuni. Vitunguu, tangawizi na vitunguu saumu vilimenywa usiku uleule tukipiga stori.

Saa 12 asubuhi, maharage yakaenda motoni, na baba akaenda mwaloni. Saa 2, samaki wakaparuliwa magamba na kusafishwa, kwenye ubao wao na kwa kisu chao. Ubao huo haukugusa nyanya za kachumbari hata baada ya kusuuzwa; nyanya hazipikwi, hivyo chochote kilichotoka kwa samaki kingefika mdomoni kikiwa hai. Waliotaka ibada wakaenda, wawili wakabaki. Saa 5, mchuzi wa samaki. Saa 6, pilau, ili saa 7 liwe limeiva. Kachumbari na ugali vya mwisho kabisa. Saa 7 na nusu, watu wanakula.

Siri ni kuanza na kinachochelewa kuiva na kumaliza na kinachoharibika haraka. Lengo ni chakula kitoke motoni kiende mdomoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachosubiri kikae cha moto, zaidi ya nyuzi 60. Kwa lugha ya jikoni: kiwe kinatoa mvuke. Hotipoti ni nzuri, mradi chakula kiingie kikiwa cha moto kweli na kisifunguliwe kila dakika.

Kwa hiyo saa 9 alasiri tulikuwa na zoezi la pili. Kilichobaki tulikigawa palepale: majirani, mlinzi wa boti, watoto wa jirani. Hatukusubiri wageni waage usiku ndipo tuwafungie. Wenye friji wanaweza kutandaza wali kwenye sinia upoe haraka, kisha uingie kwenye friji na uliwe kesho yake ukiwa umepashwa mara moja tu mpaka utoe mvuke. Asiye na friji asilaze wali. Mpe kuku, hata kama roho inauma.

Mvua ikikukuta na jiko la mkaa

Kila msimu wa mvua kuna anayeingiza jiko la mkaa ndani ili kumalizia kupika, au kuwapasha joto wageni waliolala sebuleni. Mkaa hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na haikohozeshi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, analala, haamki. Pika kwenye banda lililo wazi pembeni. Mvua ikiwa kubwa, karamu ichelewe saa moja. Na jiko lisiingie kabisa chumba wanacholala watu, hata kama mkaa unaonekana umezimika.

Watoto wadogo wawe na mtu mmoja wa kuwaangalia, anayejulikana kwa jina, kwa zamu. Siku ya karamu kila mtu hudhani mtoto yuko kwa mwingine, huku kuna mafuta ya moto upande huu na ziwa upande ule.

Wageni wenye presha na sukari

Karibu kila ukoo sasa una mzee wa presha au sukari. Huna haja ya kumpikia pembeni, jambo ambalo wengi huliona kama kutengwa. Pika chakula cha wote kwa chumvi kidogo, anayetaka aongeze mezani. Kiwango kinachoshauriwa na WHO kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kwa kila alichokula siku nzima. Viungo vya paketi vingi tayari vina chumvi. Ukivitumia, usitie chumvi nyingine kabla ya kuonja. Limao, tangawizi na kitunguu saumu hufanya kazi nzuri kwenye migebuka.

Mwenye sukari aanze na mboga na maharage, wali uwe robo ya sahani, na asiruke mlo asubuhi kwa kusubiri karamu, hasa kama anatumia dawa. Na dawa zimezwe. Sisi tuliweka kengele ya simu saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Ikilia, watoto wanapiga kelele, "Bibi, dawa!"

Mtoto akiharisha

Pamoja na yote, linaweza kutokea. Nunua pakiti za ORS kabla ya sikukuu, maana siku ile duka litafungwa. Changanya pakiti nzima kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa, mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika subiri dakika 10 uendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ukifika zahanati utapewa pia zinki kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Itumike siku zote 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma.

Usisubiri kesho ukiona macho yamezama, hakojoi, analegea au hawezi kunywa, anatapika kila kitu, kuna damu kwenye choo, au choo ni cha maji mengi meupe kama maji ya mchele. Hilo la mwisho hata kwa mtu mzima ni safari ya haraka hospitali, huku anakunywa ORS njiani.

Saa 8 mchana

Krismasi ya 2024 haikuwa kamilifu. Maharage yaliungua kidogo, na vijana walivunja sahani mbili za shangazi. Bibi alilalamika ugali ulikuwa mlaini. Hakuna aliyesema tumefilisika, au kama alisema hatukumsikia.

Ilipofika saa 8 mchana nikawaambia wote wakae tupige picha. Mama akaanza kuinuka, mazoea, akisema aangalie sufuria kwanza. Kaka akamshika mkono akamwambia, "Mama, kaa. Sufuria tupu." Ipo picha hiyo kwenye simu yangu hadi leo. Mama yuko katikati, amevaa kitenge chake kizuri, ameshika embe.

Wiki hii, kabla ya kununua chochote, chukua karatasi. Andika idadi ya watu, kilo za mchele, na majina ya watakaofanya kazi. Ibandike mlangoni. Nakutakia maandalizi mema na sikukuu yenye afya.